Jumapili za Itumba

Tulimsikia kabla hatujamwona. Tulikuwa wanafunzi wa kipaimara, tumebanana kwenye benchi nje ya ofisi ya kanisa, upepo wa Tunduma ukitutia vumbi machoni, na mle ndani mtu alikuwa anagombana.

"Hapana," sauti ilisema. "Hilo silikubali. Nguruwe elfu mbili unawazamisha ziwani? Wenyewe uliwauliza?"

Ngumi ikapiga meza.

"Basi niambie. Jumapili nikawaambie nini watu?"

Tulitazamana. Tulimngoja huyo mkosaji atoke tumwone mtu anayefokewa hivyo na mchungaji wetu mpya. Mlango ulipofunguka alitoka Mchungaji peke yake, mrefu, mkavu kama mhindi uliosahaulika shambani, kola yake nyeupe imepinda shingoni. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mezani kulikuwa na Biblia iliyofunguliwa na kikombe cha chai iliyopoa.

Binti yake, aliyekuwa darasani pamoja nasi, hakushangaa.

"Anaongea na Yesu," alininong'oneza. "Hata nyumbani ndivyo. Wakigombana sana tunachelewa kula."

Kwa wasiojua mambo yetu Walutheri, nieleze kidogo. Mhubiri wetu hajichagulii andiko. Kalenda ya kanisa imeshampangia: Jumapili hii utahubiri hili, Jumapili ijayo lile, upende usipende. Andiko likiwa tamu, mchungaji husimama mwenyewe, joho limepigwa pasi. Likiwa chungu, ghafla huzuka semina Mbeya, mgonjwa Vwawa, au shamba la kahawa huko Mbozi ambalo lazima likaguliwe Jumapili ileile, na mimbari huachiwa mgeni. Mgeni hutambulishwa kwa heshima, hupigiwa makofi, hupewa soda. Kisha hufungua Biblia pale palipowekwa utepe, na uso wake hubadilika.

"Mlutheri akikualika kuhubiri," Mchungaji alipenda kusema, "kabla hujasema asante, fungua kalenda."

Yeye hakukimbia. Ndiyo iliyokuwa sifa yake na ndilo lililokuwa tatizo lake. Wenzake walipita kando ya maneno magumu ya Injili kama watu wanaokwepa dimbwi, yeye aliingia na viatu. Ila andiko moja. Hilo alikuja kulikwepa miaka mingi, na kila mshirika alijua ni lipi, na kwa nini. Nitalifikia.

Jumapili ile ya nguruwe ilikuwa mbaya hata kabla haijaanza. Mkoani kulikuwa na homa ya nguruwe, karantini imewekwa, na Mzee wa Bucha alikuwa amekaa benchi la mbele mikono kifuani. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa na bucha ya kitimoto karibu na stendi, na kazi zote mbili alizifanya kwa uso uleule. Mchungaji alishika mimbari kama mtu anayezuia mkokoteni usiporomoke mlimani.

"Nimeshindana na neno hili tangu Jumatatu," alisema. "Aliyekuwa na mapepo alipona, nami namshangilia. Lakini mwenye nguruwe sijui alirudi nyumbani akamwambia nini mkewe. Andiko halisemi. Na mimi siwezi kusema lisilosemwa. Amina."

Akakaa. Mwalimu wa kwaya alishikwa na butwaa, maana pipi yake ya kikohozi ilikuwa bado nzima mdomoni, na mahubiri ya kawaida huchukua pipi mbili.

Nje, baada ya ibada, Mzee wa Bucha alimsimamisha.

"Mchungaji, nataka jibu. Wale nguruwe walilipwa, hawakulipwa?"

"Sijui, mzee wangu."

"Hujui! Na theolojia yote uliyosoma?"

"Nimeisoma, ndiyo maana sijui."

"Basi mimi ambaye sijasoma nakwambia hawakulipwa. Nguruwe hawalipwi."

"Swali lako, mzee, lina nguvu kuliko mahubiri yangu."

Alisema kwa dhati kabisa. Mzee wa Bucha alidhani ametukanwa, na kwa muda mrefu nyumba ya mchungaji ilikula maharage.

Lazima niseme habari za mlango. Mlango wa kanisa letu ulikuwa wa chuma, mzito, kazi ya fundi wa kuchomelea ambaye alikosea bawaba. Ukiuachia, upepo uliunyakua na kuubamiza kwa kishindo cha kuamsha waliolala, na kila Jumapili walikuwepo. Ili ufunge kimya ilibidi uushike kwa mikono miwili na kuusindikiza mpaka mwisho. Basi washirika wakaugeuza kuwa midomo yao. Mlutheri hapigi kelele kanisani, hapingi, hazomei. Akichukizwa na mahubiri hunyanyuka kwa adabu, huinamisha kichwa kuelekea madhabahuni, hutembea polepole mpaka nyuma, kisha huuachia mlango.

Mchungaji alikuwa akinyamaza kishindo kipite. "Huyo hakukubali," angesema, na kuendelea pale alipoishia.

Fundi yuleyule alitengeneza pia mlango wa nyumba ya mchungaji, na kosa lilelile, kwa kuwa baraza la wazee lilimpa kazi zote mbili kwa pamoja kabla ya kujaribu mmoja.

Siku za wiki alizunguka mjini akiliuza andiko lake kama mchuuzi wa miwani. Alilipeleka kwenye foleni ya malori, akapanda ngazi ya lori na kuingiza kichwa dirishani mwa dereva aliyekuwa anasinzia. Alilipeleka kwa akina mama wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, wanaovuka na mchele vichwani, nao walimwita Bashimapepo, kama Wabemba wanavyowaita wachungaji, wakamwambia wana haraka. Wakati wa andiko la mtini uliolaaniwa kwa kukosa matunda wakati si msimu wa matunda, alikwenda mpaka Mbozi kwa mama mmoja mkulima wa kahawa.

"Mama, wewe ungeulaani mkahawa Januari kwa kuwa hauna buni mbivu?"

"Mchungaji, usijisumbue bure," mama yule alimjibu huku akiendelea kupalilia. "Bwana alikuwa na njaa. Baba watoto wangu akichelewa kula hutukana hata ngazi."

Mchungaji alicheka mpaka akaketi chini. Jumapili alilirudia jibu lile mimbarini, na mlango ukabamizwa mara nyingi mpaka akashindwa kumaliza. Mahubiri yake pekee yaliyopendwa na wote yalikuwa yale ya wakili dhalimu, aliyefuja mali ya tajiri wake na bado akasifiwa. Mawakala wa mizigo wa mpakani walijaa, wakaitikia amina kwa sauti moja, wakamshika mkono nje mmoja baada ya mwingine. Alirudi nyumbani amenyong'onyea.

"Nimesema nini," alimwuliza mkewe, "mpaka mawakala wamefurahi?"

Wajomba zangu wa Mbozi Mission, ambao ni Wamoraviani na hupenda ibada iishe mapema, walisema Walutheri tumeletewa mchungaji wa kutuandaa kwa mtihani.

Nisimchore kama mtakatifu. Mtu huyu aliyesema "sijui" mbele ya washirika wote hakuwahi kulitamka neno hilo nyumbani kwake. Kanisani alikuwa na maswali, nyumbani alikuwa na majibu. Alijua chai inapaswa kuwekwa tangawizi lini, alijua refa alikosea wapi, alijua mahindi ya jirani yamepandwa karibu mno. Zaidi ya yote alijua habari za binti yake: asome ualimu, asisuke rasta, asiimbe solo maana solo huleta majivuno, asiolewe na mtu wa malori. Mkewe, mwanamke mpole aliyesikia mengi, alishamzoea. Binti hakuzoea.

"Natamani ningekuwa andiko gumu," aliniambia siku moja tukifua kwenye bomba la kanisa. "Labda angeniuliza maswali na mimi."

Ng'ambo ya barabara, upande wa maegesho ya malori, Nabii alikuwa amesimika hema lake. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye suti ya rangi ya embe na spika kubwa kama makabati. Sisi tulikuwa na kalenda, yeye alikuwa na umeme. Hakuna andiko lililomshinda, kwa sababu alilikata kama Mzee wa Bucha anavyokata mnyama: nyama laini mezani, mifupa chini. Majibu yake yalisikika mpaka ofisi za forodha, na mahubiri ya mchungaji wetu yakawa ya kusomwa midomoni.

Miaka ilikuwa imepita na binti ameshakuwa mwalimu, kama baba yake alivyotaka. Siku moja Nabii aliwahubiria vijana lile neno la Bwana kwamba asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Aliwaambia wazazi waliolala kiroho ndio wanaozuia baraka zao. Binti wa Mchungaji alikuwa amesimama nyuma ya hema, amekwenda kusikiliza kwaya. Jioni ileile alikusanya nguo zake. Baba yake alimwambia atakachofanya, atakachojutia, na lini atarudi. Alipotoka aliuachia mlango, na kishindo kilisikika mpaka kwetu.

Akawa mwimbaji wa solo wa hema. Shuleni alikofundisha alifika kila siku, lakini nyumbani kwao hakukanyaga, na hata mama yake alipovuka barabara na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, hakula. Nabii alikuwa amekataza meza ya waliolala. Sauti ya binti tuliisikia kila Jumapili, inapanda juu ya paa letu wakati baba yake anasoma Injili.

Hilo ndilo lililokuwa andiko lake. Kila kalenda ilipolileta, Mchungaji, yule aliyewacheka wenzake, alikuwa na safari. Alikwenda Itumba, kwenye vilima vya Ileje, kutembelea mtaa mdogo wa kanisa ambao kwa maelezo yake ulikuwa na mahitaji mengi. Sisi tuliletewa mgeni. Mgeni mmoja, kijana wa chuo, alitueleza kwamba Kigiriki hakikumaanisha kuchukia. Kigiriki kila kikifika kwetu huwa hakimaanishi. Watu waliridhika, wakapumua. Mama Mchungaji, mtu wa mwisho ambaye ungemdhania, alinyanyuka, akainamisha kichwa, akatembea taratibu mpaka nyuma, na kuuachia mlango.

Tangu hapo, mtu yeyote Tunduma akikwepa jambo, awe anakwepa kesi au mkwe, tunasema amekwenda Itumba.

Wazee walipochoka walimwendea nyumbani, Mzee wa Bucha akiongoza.

"Mchungaji, tunakupenda," alianza, na kila mtu alijua kuna jambo. "Lakini muumini wetu amekaa kwenye foleni ya mpaka wiki nzima hajui gari lake litapita lini. Jumapili anataka kusikia kitu kinachopita. Wewe unamwongezea foleni."

"Mnataka niseme uongo?"

"Tunataka useme kifupi na uwe na uhakika. Hemani hapo ng'ambo wana uhakika, na viti vyao vimejaa. Mtoto wako mwenyewe yuko huko."

Wazee wakaenda kwa wakubwa wa kanisa, na haukupita muda mrefu uhamisho ukaja. Wakubwa walikuwa wamechunguza wakaona kwamba kuna mtaa mmoja ambao mchungaji huyu kwa miaka mingi ameonyesha kuupenda mno, hata kuutembelea Jumapili. Wakampa Itumba.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumwona mama yangu nilipoambiwa kwamba Jumapili ya mwisho ya Mchungaji imeangukia kwenye andiko lile. Nikamkuta ofisini, simu sikioni. Alimpigia mchungaji wa Mbozi, ana semina. Alimpigia wa Vwawa, ana mgonjwa. Alimpigia hata yule wa Kigiriki, ambaye sasa alikuwa na usharika wake na shamba la kukagua.

"Wote wamefungua kalenda," alisema akiweka simu mezani. Kisha akanitazama. "Wewe mwanangu unaandika hadithi. Mtu wako ndani ya hadithi akikushinda, unamfanyaje?"

"Huwa namsafirisha, Mchungaji."

Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Kumbe hata nyinyi mna Itumba."

Jumapili kanisa lilijaa kama mazishi ya mtu maarufu. Mzee wa Bucha alikaa karibu na mlango, pengine kwa ajili ya hewa. Mchungaji alisoma Injili, lakini ng'ambo ya barabara spika zilikuwa zinatetemesha madirisha yetu na hakuna aliyesikia. Tuliona midomo ikitembea. Aliposhusha Biblia na kufungua kinywa kuhubiri, umeme ukakatika mji mzima. Hema likazimika kama mtu aliyezibwa mdomo. Na sauti ya mchungaji wetu, iliyokuwa imezoea kushindana, ikatoka nzima, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikapita dirishani, ikavuka barabara.

"Mimi nina mtoto aliyelitii andiko hili," alisema, akashtuka kwa kujisikia mwenyewe. Lakini hakushusha sauti. "Alisomewa kwamba amchukie baba na mama. Alisomewa nusu. Endeleeni mbele kidogo mtaona limemtaja na mtoto. Hiyo nusu nyingine ni yangu. Ni mimi niliyeambiwa nimchukie yeye."

Aliifunga Biblia.

"Nimejaribu. Msidhani sijajaribu. Nimekaa na hasira yangu nikiichochea kama mkaa wenye maji, imekataa kuwaka. Wasomi watawaambia neno hili halimaanishi linavyosema. Inawezekana. Mimi nalisoma lilivyo, na lilivyo linasema asiyeweza hili si mwanafunzi wake. Basi mimi si mwanafunzi. Mimi ni mchungaji tu. Amina."

Akakaa. Tulisubiri mlango. Mzee wa Bucha alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono uko kwenye komeo, macho ya wazee wenzake yakimtazama. Akaketi tena, akatoa leso, akapenga kwa sauti kubwa. Ng'ambo ya barabara jenereta likanguruma na majibu yakaendelea. Lakini solo haikusikika tena siku ile.

Alasiri nilikwenda kumuaga. Makochi yalikuwa yamefungwa kamba, mapazia yameshushwa, Mama Mchungaji amebakiza birika moja na vikombe. Mchungaji alikuwa ananieleza kwa uhakika mkubwa jinsi barabara ya Ileje inavyopaswa kupitwa wakati wa mvua, hodi ilipobishwa.

Alikuwa ni binti yake, bado amevaa sare ya kwaya ya hema. Alisimama hapohapo mlangoni.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walisema pamoja. Mama aliinuka, akaketi, akainuka tena na kuanza kumimina chai bila kuulizwa.

"Nilisikia," binti alisema. "Umeme ulikatika."

"Ulisikia yote?"

"Mpaka amina. Nabii alisema tuimbe bila spika tukufunike. Koo likanikataa."

Binti akasema alichokuja kusema. Nabii anahamishia hema ng'ambo, ndani kabisa ya Zambia, na kwaya inakwenda nayo. Yeye ametakiwa aache kazi ya ualimu aende. Lori linaondoka kesho asubuhi.

"Niende, baba, au nibaki?"

Niliyaona majibu yakimpanda. Yalianzia kifuani, yakaja shingoni, yakaipindisha kola: habari za kazi ya serikali, habari za matapeli, habari za mpaka, yote yamepangwa tayari, yote na uhakika wake. Mama Mchungaji aliacha kumimina. Binti alikuwa ameshainua kidevu, kama mtu aliyezoea mvua na anayeijua inakotokea.

Mchungaji alifungua kinywa.

"Sijui, mama," alimjibu binti yake.

Binti alimtazama kama tulivyomtazama sisi siku ile ya benchi, akingoja mtu wa pili atoke. Hakutoka mtu.

"Wewe unaonaje?" baba yake akamwuliza.

Binti alipiga hatua ndani, akachukua kikombe mkononi mwa mama yake, akanywa akiwa amesimama, mpaka chini, na tangawizi yake yote. Akakiweka juu ya boksi. Kisha akasema anakwenda kufikiri, na kwamba kufikiri kwake kusisubiriwe na mtu, na akageuka.

Upepo wa jioni ulikuwa umeshaanza kuvuta kutoka upande wa mpaka. Mchungaji alikunja mabega akisubiri kishindo, kwa mazoea. Lakini binti aligeuka pale kizingitini, akaushika mlango kwa mikono miwili, akausindikiza polepole dhidi ya upepo, mpaka ukafunga.